Mahojiano ya kazi: Andy aliajiriwa kwa nini hasa?

Swali la msomaji

"Jambo Mama. Mimi ni binti wa Katuba, hapa Lubumbashi, nilimaliza masomo ya mawasiliano chuo kikuu, UNILU, mwaka jana. Wiki ijayo nimeitwa kwenye mahojiano: wanatafuta msaidizi wa mkurugenzi katika kampuni ya usafirishaji inayobeba mizigo ya migodi. Juzi mimi na dada zangu tulitazama tena filamu ya The Devil Wears Prada, nao wakaniambia: 'Umeona? Andy hakujua kitu, hakuvaa vizuri, akasema kwa ujasiri na kazi akaipata. Na wewe fanya vilevile.' Ni kweli, Mama? Na nikimkuta bosi mkali kama Miranda, nivumilie au nikimbie? Nguo pia zinanisumbua, sina suti."

Jibu

Binti yangu, hongera kwa kuitwa. Mimi nimekaa upande wa pili wa meza kwa miaka mingi, nikichagua wafanyakazi wa makampuni yanayohudumia migodi. Najua rundo la dosie lilivyo siku ile tangazo la kazi linapofungwa. Wakikuita, maana yake kuna mtu aliyelisoma jina lako, akaiweka karatasi yako kando na kusema, "Huyu nataka kumwona." Ingia chumba kile ukijua hivyo.

Filamu hiyo naipenda. Ilitoka mwaka 2006, imeongozwa na David Frankel, na vijana wengi wa hapa Lubumbashi wameiona kwa Kifaransa. Dada zako wameitazama vizuri, ila nadhani sababu ya Andy kuajiriwa imewapita. Turudi kwenye tukio lenyewe.

Andy, anayechezwa na Anne Hathaway, anaingia katika ofisi za gazeti la mitindo la Runway. Miranda Priestly, yaani Meryl Streep, anamuuliza kama huwa analisoma gazeti hilo. Hapana. Kabla ya siku ile aliwahi kumsikia Miranda? Hapana. Hapo angekuwa ameshaondoka. Lakini Andy anataja kazi yake: alikuwa mhariri mkuu wa gazeti la wanafunzi la Chuo Kikuu cha Northwestern, na alishinda shindano la kitaifa la waandishi wa vyuoni kwa makala zake kuhusu chama cha wafanyakazi wa usafi na jinsi walivyonyonywa. Miranda anamkatiza: inatosha. Ndipo Andy anapogeuka na kusema yale maneno ambayo dada zako wanayakumbuka: ni kweli sifanani na watu wa hapa, si mwembamba, mitindo siijui sana, lakini nina akili, najifunza upesi na nitafanya kazi kwa bidii.

Baadaye, Andy akiwa tayari kazini na ameshamkasirisha bosi, Miranda mwenyewe anamwambia kwa nini alimchukua. Huwa anaajiri msichana wa aina ileile, mwenye kujua mitindo na kuliabudu gazeti, na kila mara anavunjika moyo. Safari hii aliona CV nzuri, akasikia hotuba ya Andy kuhusu bidii yake, akasema ajaribu mtu tofauti. Mwambie dada yako mkubwa asikilize tena mahali hapo. CV imetajwa kabla ya hotuba. Ujasiri ulifungua masikio ya Miranda, lakini kilichokuwamo ndani ya ujasiri huo ni kazi iliyofanyika kweli, yenye jina, mahali na matokeo. Binti mwingine angeweza kusema maneno yaleyale bila zile makala, na lifti ingemshusha chini asirudi tena.

Jambo la pili ni kwamba Miranda anaamua peke yake, na siku ile alikuwa amechoka na aina ya wasichana aliowazoea. Wewe hutamkuta Miranda. Katika makampuni ya hapa mara nyingi utakuta watu watatu: mmoja wa ofisi ya wafanyakazi, mmoja wa idara inayokuhitaji, na mkubwa mmoja ambaye huenda Kifaransa si lugha yake. Mbele yao kuna karatasi ya alama. Swali "Unaijua kampuni yetu?" huwa la pili au la tatu, na lina alama zake. Ukijibu kama Andy, alama hizo zimekwenda, na hakuna atakayekukimbilia kukurudisha kama alivyorudishwa yeye.

Kwa hiyo kazi yako ya wiki hii ni kuijua shughuli ya watu hao. Sisemi ukariri historia ya kampuni kutoka kwenye mtandao wao, kila mtu anafanya hivyo na sisi tunachoka kuisikia. Jiulize: malori haya yanabeba nini, yanatoka wapi, yanafika wapi, na ni kitu gani kinachomkosesha usingizi mkurugenzi? Utajua kwamba yanashuka na shaba na hidroksidi ya kobalti kutoka upande wa Kolwezi, yanapita Likasi, yanaingia kwetu, kisha yanaelekea Kasumbalesa na kuvuka kwenda Zambia, hadi bandari kama Durban na Dar es Salaam. Yakirudi yanaleta kemikali, vipuri na mashine. Utajua pia kwamba reli ya kwenda Lobito, Angola, inazungumzwa sana kila panapotajwa usafirishaji wa madini yetu, na mwenye malori hawezi kuipuuza.

Halafu kuna jambo moja ambalo mtu yeyote anayeomba kazi katika shughuli hii lazima alijue. Mwezi Februari 2025 serikali yetu ya Kongo ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje ya nchi kwa miezi 4, kwa sababu bei ilikuwa imeanguka vibaya. Katazo likaongezwa muda, na kuanzia tarehe 16 Oktoba 2025 likawekwa mfumo mwingine: kila kampuni inapewa kiasi chake, chini ya usimamizi wa ARECOMS, mamlaka ya serikali inayosimamia masoko ya madini ya kimkakati. Shaba iliendelea kupita, kobalti ikabaki kwenye maghala. Jiweke mahali pa msaidizi wa mkurugenzi wa usafirishaji katika miezi ile. Simu za wateja, ratiba zinazobadilika, madereva wanaouliza kama kuna safari, barua za kueleza ucheleweshaji. Hiyo ndiyo kazi unayoiomba. Wakikupa nafasi ya kuuliza swali mwishoni, uliza hili: "Tangu utaratibu wa viwango vya kobalti uanze, ni kitu gani kimebadilika zaidi katika kazi ya ofisi ya mkurugenzi?" Utaona vichwa vikiinuka.

Kuyapata haya si gharama. Sikiliza redio. Zungumza na dereva yeyote wa mtaani kwenu, Katuba haikosi madereva. Muulize wanakaa siku ngapi mpakani na karatasi gani huwachelewesha. Dereva akiona unamsikiliza kwa heshima atakueleza mambo ambayo mkurugenzi mwenyewe atashangaa kuyasikia kwako.

Sasa nije kwenye kitu ambacho vijana wetu wengi hawakiandai kabisa. Andy alikuwa na zile makala. Wewe una nini?

Usiniambie huna. Kila ninapomuuliza kijana swali hili ananijibu kwamba hajawahi kufanya kazi, halafu baada ya nusu saa ya mazungumzo nagundua alikuwa katibu wa kwaya ya parokia, alishika hesabu za kamati ya arusi ya kaka yake, alifanya staji, yale mafunzo ya kazini, ya miezi mitatu. Nikupe mfano mmoja. Tulikuwa tunatafuta msaidizi wa ghala. Aliingia binti mmoja mwenye sauti ndogo, amevaa kitenge, ameshika daftari la shule lenye jalada lililochakaa. Nikamuuliza kuhusu staji yake. Akasema aliwekwa kwenye depo moja kuandika vocha za mazutu, yaani dizeli ya magari, kazi ambayo hakuna aliyeitaka. Akafungua daftari. Alikuwa ameandika kila vocha kwa mkono wake: tarehe, namba ya gari, lita, saini. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja, kisha mwingine, kisha mwingine. Zote ni Jumapili. Akasema, kwa ile sauti yake ndogo, "Jumapili magari yalikuwa hayatoki." Mwenzangu wa idara aliyekuwa anachezea simu akaiweka chini. "Ukafanya nini?" akamuuliza. "Niliandika kurasa mbili, nikampa shefu wa depo mkononi, peke yake. Baada ya hapo vocha za Jumapili zilikoma." Hakutuambia yeye ni mwaminifu, wala kwamba ni makini. Tuliyaona yote mawili katika mstari wa lita. Tulimchukua, na wenzake walioingia na suti na vyeti vya mafunzo ya wiki moja moja walirudi nyumbani.

Tafuta mstari wako wa lita. Umesoma mawasiliano: uliwahi kuandika taarifa iliyozuia ugomvi? Uliwahi kupanga mkutano ambao mgeni wake mkuu alichelewa, ukabadilisha ratiba nzima bila watu kujua? Ukikipata, kieleze kwa mpangilio: palikuwa wapi, shida ilikuwa nini, wewe ulifanya nini kwa mikono yako, kikatokea nini, na nani alikuona. Dakika mbili, si zaidi. Kiseme kwa sauti, kwa Kifaransa, mbele ya dada yako, mara nyingi mpaka kikutoke bila kutafuta maneno. Halafu kiseme kwa Kiswahili pia. Kuna wahojaji hapa hubadili lugha katikati kwa makusudi, wakitaka kusikia utakavyoongea na madereva na walinzi. Anayejua Kifaransa tu cha darasani hukwama hapo.

Na unapokisema, sema "mimi nilifanya". Sisi tumelelewa kusema "tulifanya", ni adabu nzuri nyumbani na kanisani, kijana asijitangaze mbele ya wakubwa. Kuna hata methali, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika chumba kile chema hakijiuzi, binti yangu. Wahojaji wana dakika ishirini au thelathini na mtu wasiyemjua, na ukisema "tuliandaa mkutano" wataandika kwamba hawajui wewe uliandaa nini. Taja wenzako, kisha taja sehemu yako. Huko si kujivuna.

Kuhusu udhaifu, hapo ndipo ningependa umwige Andy kweli. "Mitindo siijui sana." Alilisema bila kujitetea, kisha akaweka mbele kile alichonacho. Wengi wakiulizwa wana upungufu gani hujibu kwamba wanapenda kazi kupita kiasi. Jibu hilo limeshachakaa, na linatuambia kwamba mtu huyu hatatuambia ukweli siku lori likipinduka. Kama Kiingereza chako ni kidogo, sema ni kidogo, useme na unachofanya kukiongeza. Usiandike kwenye CV kwamba unakiongea vizuri. Katika makampuni ya migodi kuna siku mkubwa mmoja atakugeukia na kukuuliza kitu kwa Kiingereza, pale pale, na ukinyamaza hata mengine yote uliyoyasema kwa kweli yatatiliwa shaka. Vilevile kama hujazoea kutengeneza majedwali ya hesabu kwenye kompyuta: sema, kisha anza leo. INPP, taasisi ya serikali ya mafunzo ya kazi, wana mafunzo ya muda mfupi, na kusema "nimeanza" ni tofauti kabisa na "nitaanza".

Nguo nisikuchukulie muda. Filamu imezipa nafasi kubwa kwa sababu kazi yenyewe ni ya mitindo, na pale Andy kubadilisha mavazi kulikuwa sehemu ya kuielewa kazi. Kwenu ni malori. Blauzi safi na sketi, au kitenge kilichoshonwa vizuri, vinatosha. Usikope pesa ya suti. Viatu viwe vya kufunika vidole, kwa sababu inawezekana wakakupitisha uwanjani kukuonyesha magari na mwenye ndala atabaki getini. Kama ni msimu wa mvua, tembea na viatu vya njiani na vile vingine viwe kwenye mfuko. Piga pasi mapema umeme ukiwepo, usingoje asubuhi ile, unaijua SNEL, shirika letu la umeme. Na toka Katuba mapema kuliko unavyodhani inahitajika.

Sasa swali lako kubwa, la bosi mkali.

Nadhani wazazi wako watakuambia uvumilie chochote. Waelewe. Kizazi chao na cha wazazi wao kilikulia chini ya kampuni kubwa ya migodi, Union Minière na baadaye Gécamines, kazi iliyokuwa na posho ya unga kila mwezi, hospitali, shule ya watoto, nyumba. Mtu aliyekuwa ndani hakuuliza kama shefu ana maneno mazuri. Kisha wakaona mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakiondoka Gécamines katika mpango ulioitwa wa hiari, na familia nyingi hadi leo zinaongea habari za pesa zile kwa uchungu. Mtu aliyeona hayo hawezi kumwambia mwanawe aache kazi. Lakini kazi unayoiomba wewe si ile. Ni mkataba kwa kampuni ya huduma, unaoweza kuisha mgodi ukibadilisha mtoa huduma. Kwa hiyo unachotakiwa kujenga ndani ya kazi hiyo ni jina lako na ujuzi wako, vitu utakavyoondoka navyo.

Ukimtazama Miranda kwa jicho hilo utaona ndani yake kuna mabosi wawili. Kuna yule wa tukio la sweta ya buluu. Andy anacheka kidogo anapoona watu wanabishana juu ya mikanda miwili inayofanana, na Miranda, bila kupandisha sauti, anamweleza jinsi rangi ya sweta aliyoivaa ilivyoanzia kwenye magauni ya Oscar de la Renta mwaka 2002, ikapita kwa wabunifu wengine, ikashuka madukani hadi kwenye kapu la bei rahisi alikoiokota. Ni maneno makali, yanaumiza, na ni somo la kweli: shughuli unayoidharau ina mnyororo mrefu, na wewe umo ndani yake. Bosi wa namna hiyo kaa naye. Akikukaripia kwa sababu namba ya karatasi ya forodha imekosewa na lori limelala Kasumbalesa, anakufundisha. Lia usiku, asubuhi rudi na karatasi iliyo sahihi.

Na kuna Miranda wa pili, anayemtuma Andy atafute kitabu cha Harry Potter ambacho hakijatoka bado, kwa ajili ya watoto wake, au sivyo asirudi. Huyo anapiga simu saa zote, anaila siku ya kuzaliwa ya mpenzi wa Andy, na mwishowe kule Paris anamtoa kafara Nigel, aliyemtumikia kwa uaminifu, ili abaki na kiti chake. Huyo hafundishi kitu. Sheria yetu ya kazi ya mwaka 2002 imeweka saa 45 kwa wiki, na zinazozidi ni za kulipwa. Siku za dharura zitakuwapo, usafirishaji haulali, na ukikubali kazi hii ukubali hilo. Kazi za nyumbani kwa bosi, kutumwa kwa watoto wake, kutukanwa mbele ya madereva, hayo si dharura. Jipe muda ulio wazi wa kupima. Kipindi cha majaribio kwa cheo kama chako hakiruhusiwi kuzidi miezi 6, na lazima kiandikwe. Nacho ni chako pia: wakati wao wanakupima, na wewe unawapima. Jiulize kila mwisho wa mwezi nimejifunza nini ambacho mwezi uliopita sikukijua. Miezi miwili ikipita huna jibu, anza kutafuta kwingine ukiwa bado kazini.

Usiondoke kama Andy, lakini. Yeye aliitupa simu kwenye chemchemi ya Place de la Concorde na kumwacha bosi wake akipanda ngazi peke yake. Kwenye sinema inapendeza. Hapa utakuwa umeacha kazi bila taarifa, na watu wa ofisi za wafanyakazi wa makampuni haya wanajuana, wanapigiana simu. Kwa mkataba usio na kikomo, mwajiri anayekuondoa anatakiwa kukupa taarifa ya siku 14 za kazi, na siku 7 zaidi kwa kila mwaka kamili uliofanya. Wewe ukiondoka mwenyewe unadaiwa nusu ya hizo. Zimalize. Kabidhi faili, andika barua fupi, dai cheti chako cha kazi. Ni haki yako.

Tazama pia mahojiano ya pili ya filamu, maana watu huyasahau. Andy yuko mbele ya mhariri wa gazeti la habari, anaulizwa kwa nini alikaa Runway chini ya mwaka mmoja. Alikuwa na kila sababu ya kumsema Miranda vibaya. Hakumsema. Alijibu kwamba alijifunza mengi, na kwamba mwishoni alikosea. Mhariri anamweleza kuwa alipiga simu Runway kuulizia habari zake, na Miranda mwenyewe akamtumia faksi: kati ya wasaidizi wake wote, huyu ndiye aliyemvunja moyo kuliko wote, na usipomwajiri wewe ni mjinga. Kwangu mimi hayo ndiyo mafunzo makubwa ya filamu nzima kwa mtu anayetafuta kazi. Mahojiano yale ya pili yaliamuliwa na miezi yote ya kazi, pamoja na mtu aliyeiona kazi hiyo, hata akiwa na hasira.

Kwa hiyo kabla ya siku yako, wapigie simu watu wawili walioona kazi yako, si mjomba wala mchungaji kwa sababu ni mchungaji. Msimamizi wako wa staji, mwalimu aliyekuongoza katika kazi ya mwisho wa masomo. Waombe ruhusa ya kutaja majina yao, wakumbushe ulifanya nini kwao, waambie ni kampuni gani itakayopiga. Nimewahi kumpigia mdhamini wa mtu akaniuliza, "Nani huyo?" Mazungumzo yaliishia hapo.

Kuna mambo ambayo filamu ile haina na mji wetu unayo, nami siwezi kukuacha uende bila kuyasema. Mtu akikuomba pesa ya kusogeza dosie, ondoka. Kampuni inayokuhitaji haikutozi kitu. Mtu akikuambia mahojiano yataendelea jioni hotelini, ondoka pia, na mwambie mtu mzima wa familia siku hiyohiyo. Unyanyasaji wa kingono kazini ni kosa la jinai tangu sheria ya 2006, hata kama wapo wanaojifanya hawaijui. Wakikuuliza kama una mimba au wakadai upimwe, fahamu kwamba kifungu cha 128 cha sheria ya kazi kinakataza kumtaka mwanamke anayeomba kazi apimwe mimba. Unaweza kujibu kwa upole, "Niko tayari kuanza tarehe mliyoitaja," na kurudisha mazungumzo kwenye kazi. Upole huo si woga.

Mwisho watakuuliza unataka mshahara kiasi gani. Usiseme "chochote mtakachonipa". Waulize wawili watatu wanaofanya kazi ya namna hiyo mjini, upate kiwango cha chini na cha juu, utaje vyote viwili. Kisha uliza kwa utulivu: ni kabla au baada ya makato, ni kwa dola au kwa faranga, usafiri uko ndani au nje, matibabu ni ya nani katika familia, na CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, mnaniandikisha lini. Wakikukubali wakakuwekea mkataba mbele, omba uende nao nyumbani usiku mmoja uusome pamoja na mtu anayejua. Mwajiri wa kweli hatakukatalia. Tazama kwanza jina la mwajiri lililoandikwa juu, maana mara nyingine aliyekuhoji ni kampuni moja na anayekuajiri ni kampuni nyingine ya ukandarasi iliyo chini yake. Tazama muda wa majaribio, na mahali pa kazi: imeandikwa Lubumbashi, au "popote kampuni itakapoona inafaa"? Hilo la pili linaweza kukupeleka Kolwezi mwezi ujao. Ukisaini, ondoka na nakala yako mkononi siku hiyohiyo.